Pedali Ngumu Si Ushahidi wa Breki Nzima

Gari likishabadilishwa kalipa, mpira wa breki au masta silinda, kila mtu anaijua kazi ya mwisho katika gereji za mitaani, kuanzia Gerezani hadi Kirinyaga Road. Kijana mmoja anaketi kwenye usukani, fundi analala chini na spana yake, na sauti zinapokezana: kanyaga, kanyaga, shikilia; haya, achia. Mafuta yanaruka ardhini, mapovu yanapungua, pedali inapanda. Fundi anatoka chini, anaibonyeza mwenyewe, anaikuta ngumu, anafuta mikono na kutaja bei. Mwenye gari naye anakanyaga, anaridhika, analipa. Wote wawili wamekubaliana juu ya kanuni ambayo hakuna aliyeiandika popote: adui ni upepo peke yake, na pedali ngumu ndiyo hati ya ushindi. Kanuni hiyo ni potofu. Pedali ngumu inathibitisha jambo dogo sana, kwamba kwa dakika ile, mfumo ukiwa baridi, hakuna hewa nyingi ndani yake. Haisemi lolote juu ya hali ya mafuta yenyewe, na mafuta ndiyo yanayopeleka nguvu ya mguu kwenye magurudumu. Baada ya matengenezo ya breki, kazi inayostahili kufanywa ni kuyatoa mafuta ya zamani yote na kuweka mapya. Upepo utatoka humo humo.

Wanaoshikilia kanuni hiyo wapewe kwanza haki yao, maana nusu ya hoja yao ni kweli tupu. Breki za mafuta zilianza kuonekana kwenye magari ya abiria mwaka 1921, Duesenberg ya Marekani ilipotoa gari lililokuwa nazo kwenye magurudumu yote manne, na msingi wake haujabadilika tangu hapo: presha inayotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa pande zote kwa usawa, kwa sababu kimiminika hakibanwi. Hewa inabanwa. Chukua masta silinda yenye kipenyo cha milimita 20. Uso wa pistoni yake ni kama sentimita 3 za mraba. Povu la hewa lenye ujazo wa sentimita moja tu likipigwa na presha ya breki kali linasinyaa hadi karibu kutoweka, na ili kulisinyaza pistoni inabidi isogee milimita 3 bila kufanya kazi yoyote ya maana. Pedali, ambayo katika magari mengi husafiri mara nne hivi ya pistoni, itakuwa imezama zaidi ya sentimita moja. Ndiyo maana gari lenye upepo kwenye breki huwa na pedali inayobonyea kama godoro, na ndiyo maana fundi anausaka. Hapo hatubishani. (Wala sizungumzii malori makubwa na mabasi, ambayo breki zake zinaendeshwa na upepo wenyewe, huko hewa ni mtumishi, na matatizo yake ni mengine.)

Ubishi unaanza pale upepo unapokwisha na fundi akadhani kazi imekwisha nayo. Mafuta ya breki tunayoyanunua madukani, yaani DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, si oili. Ni kemikali za jamii ya glaikoli, na tabia yake kubwa ni kunyonya maji. Huyanyonya kupitia tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, kupitia kuta za mipira ya breki, na kwa kasi zaidi kutoka kwenye chupa iliyoachwa wazi juu ya rafu ya gereji. Viwango vinavyotumika duniani vinalikiri jambo hili waziwazi, kwa kuwa kila aina ya mafuta imepewa vipimo viwili vya joto la kuchemka: kimoja kwa mafuta mapya na kingine kwa mafuta yaliyokwisha kunyonya maji kufikia karibu asilimia 3.7. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinaridhia nyuzi 140 tu. DOT 4 inaporomoka kutoka 230 hadi 155, na DOT 5.1 kutoka 260 hadi 180. Hivyo sehemu tatu au nne tu za maji katika mia zinatosha kuiondolea DOT 3 nyuzi 65 za akiba yake ya joto.

Hapa ndipo kanuni ya pedali ngumu inapokosa miguu ya kusimamia. Maji nayo hayabanwi. Mafuta yaliyonyonya maji kwa miaka mitano yatatoa pedali ngumu sawasawa na mafuta yaliyofunguliwa asubuhi hiyo, na mguu wa binadamu hauwezi kutofautisha. Macho nayo hayasaidii sana, kwa kuwa maji yaliyoyeyuka ndani ya glaikoli hayaonekani. Weusi wa mafuta unaonyesha umri wake na uchafu wa raba, lakini mafuta yenye rangi nzuri yanaweza kuwa na maji tele. Tofauti inajitokeza kwenye joto peke yake. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke katika presha ya kawaida inajaza karibu lita 1.7. Tone moja, ambalo ni kama sehemu moja ya ishirini ya gramu, linatoa mvuke wa zaidi ya sentimita za ujazo 80, ilhali ile masta silinda tuliyoipima juu, pistoni yake ikisafiri sentimita 3 tangu mwanzo hadi mwisho, inasukuma sentimita za ujazo 10 hivi tu. Tone moja la maji likichemka mahali pabaya linatosha kuizamisha pedali hadi sakafuni. Fundi aliyetumia nusu saa kukimbiza mapovu ameacha ndani ya bomba zile zile malighafi ya mapovu makubwa kuliko yote aliyoyatoa.

Tena mapovu hayo yana ujanja ambao pedali ngumu ya gereji haiwezi kuufichua. Mguu ukiwa umekanyaga, presha ndani ya mfumo ni kubwa, na presha kubwa hupandisha joto la kuchemka. Dereva akiachia, presha inaporomoka ghafla ilhali kalipa bado inawaka, na hapo ndipo mvuke unapozaliwa. Anaporudi kukanyaga kwenye kona inayofuata hakuna kitu. Gari likipata bahati ya kusimama kwa gia au kwa kuparaza ukingo, breki zinapoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedali inakuwa ngumu tena. Fundi anayeitwa kulitazama anaikanyaga, anaiona nzima, na dereva anaambiwa alisinzia. Kipimo tulichokiamini kimetoa cheti kabla ya ajali, na baada ya ajali kikafuta ushahidi.

Watakaosema kwamba joto la namna hiyo ni la magari ya mashindano waitazame ramani. Barabara ya kutoka Lushoto kuteremka Mombo inashuka karibu mita 1,000 kwa kona zisizokwisha. Hiace yenye abiria, uzito wa tani 2 na nusu, ikiteremka kimo hicho inalazimika kupoteza nishati ya megajuli kama 24, kiasi kinachotosha kuchemsha karibu ndoo nne za maji za lita 20. Sehemu ya nishati hiyo inapotelea kwenye upepo wa njiani na kwenye injini ikiwa dereva amefunga gia ya chini. Asipofunga, karibu yote inaishia kwenye diski na ngoma chache za chuma, na mafuta yako nyuma ya pedi, umbali wa upana wa kidole. Mteremko wa Kitonga kwa wanaotoka Iringa, Sekenke kwa wanaotoka Singida, bonde la Mai Mahiu kwa wanaotoka Limuru: hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho barabara ya ajabu, magari yale yale yanayotengenezwa mtaani yanapita huko kila siku. Zaidi ya hayo, magari mengi yanakaa siku nyingi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, yakinywa maji polepole, kisha siku ya safari yanapelekwa milimani. Mafuta yameharibikia pwani kwenye barabara tambarare isiyoyadai chochote, na deni lake linalipwa juu.

Hata tukiyaacha maji pembeni, pedali ni shahidi asiyetegemeka hata katika mambo anayodaiwa kuyajua. Kwa kawaida fundi huijaribu injini ikiwa imezimwa, baada ya kukanyaga mara nyingi. Wakati huo busta imekwisha kuishiwa ombwe lake na pedali lazima iwe ngumu, pawe na upepo kidogo au pasiwe. Gari likiwashwa inashuka, na hapo kila mtu anajiambia kwamba ni kawaida. Ni kawaida kweli ikishuka kidogo na kusimama, lakini ikiendelea kuzama taratibu chini ya mguu tatizo ni raba za masta zinazopitisha au mahali panapovuja, na pampu elfu moja hazitalitibu. Kinyume chake, breki za ngoma za nyuma zikiwa zimelegea, pedali inakuwa chini na inapanda ukiipiga mara mbili tatu. Fundi anasema upepo, anamwaga nusu chupa ya mafuta, kumbe kilichotakiwa ni kukaza marekebisho ya shuu. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishwa nafasi kwa bahati mbaya, nipo, yaani skrubu ya kutolea upepo, inakaa chini badala ya juu, na povu lililokaa kwenye tumbo la kalipa halitatoka kamwe, kwa kuwa hewa hupanda wala haishuki. Hilux nyingi zina vali kwenye ekseli ya nyuma inayopunguza presha gari likiwa tupu. Ekseli ikining'inia juu ya jeki, vali hiyo inadhani hakuna mzigo na kuubana upande wa nyuma, na baadhi zina nipo yake yenyewe ambayo ni wachache wanaokumbuka kuifungua.

Ushahidi mzito kuliko wote umeegeshwa mitaani kwetu kwa wingi. Toyota Prius, tangu toleo lililotoka mwaka 2003, ina breki zinazoendeshwa na kompyuta. Mfumo ukifanya kazi kama kawaida, mguu wa dereva hausukumi mafuta yaliyo kwenye kalipa. Unasukuma kifaa kilichoundwa makusudi kuiga ugumu wa pedali, na pampu ya umeme ndiyo inayopeleka presha kwenye magurudumu. Kuipima breki ya gari hilo kwa ugumu wa pedali ni kukipima kile kifaa cha kuigiza. Wahandisi walipata shida kutengeneza hisia ile ili dereva asishtuke, na sisi tukaigeuza kuwa mtihani wa usalama.

Kuna pia madhara ya mbinu yenyewe. Anayetafuta ugumu wa pedali peke yake anaona sawa kuyakinga mafuta yaliyotoka kwenye nipo na kuyarudisha kwenye kopo, maana pedali haijali. Amerudisha maji, uchafu, na vipovu vidogo vidogo visivyoonekana. Anaona sawa kuosha pistoni kwa petroli au mafuta ya taa, au kuongeza mafuta ya usukani pale ya breki yanapopungua, kwa sababu nayo ni kimiminika na pedali itapanda. Raba za mfumo wa breki ni za aina isiyopatana na mafuta ya jamii ya petroli: zinavimba, zinaziba tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye masta, na gari linaanza kujikamata breki lenyewe barabarani. Likifikia hapo hakuna kuosha kunakoliokoa. Raba zote zinabadilishwa. Na yule kijana anayekanyaga hadi sakafuni kwenye gari lenye umri wa miaka kumi na mitano anazipitisha raba za masta kwenye sehemu ya silinda ambayo haijaguswa kwa miaka, yenye kutu na uchafu, na anaweza kuzichana siku hiyo hiyo. Kipande cha mbao chini ya pedali kingeizuia hasara hiyo, na hakigharimu kitu.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosemwa kwa kujiamini zaidi, ni la uzoefu: magari maelfu yametolewa upepo kwa njia hii na yanasimama. Yanasimama, ndiyo, kwa kuwa mengi yanatumika kwenye foleni za mjini, ambako breki haipati moto wa kuchemsha chochote. Uzoefu huo umepimwa mahali ambapo mafuta mabovu na mazuri hayatofautiani. Isitoshe, fundi anasikia habari za magari yanayorudi kulalamika. Lililoishia korongoni halirudi, na hakuna anayechukua sampuli ya mafuta yake ya breki. Taarifa itasema breki zilifeli, na huo ndio mwisho wa uchunguzi.

Pingamizi la gharama lina uzito zaidi na halistahili dharau. Mteja aliyekuja na fedha ya kalipa moja hapendi kuambiwa anunue chupa mbili za mafuta na alipie saa nyingine ya kazi. Lakini kuusafisha mfumo wote wa gari dogo kunahitaji takriban lita moja ya mafuta au pungufu, na lita hiyo ni nafuu kuliko karibu kila kipuri kinachoguswa katika kazi ya breki. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka 2 hata kama hakuna kilichoharibika. Mfumo umeshafunguliwa, magurudumu yameshatolewa, fundi ameshalala chini. Hakuna siku ambayo kubadilisha mafuta kutakuwa rahisi kuliko siku hiyo. Hata hivyo, wenye pingamizi hili wana sehemu ya haki: si kila kazi ya breki inadai haya. Aliyebadilisha pedi tu, bila kufungua bomba wala mpira, hakuingiza upepo, na anayemtoza fedha za kuutoa anamwonea. Mteja aambiwe ukweli huo pia.

La tatu ni la vifaa, na linakuja kwa sura mbili zinazopingana. Wengine wanasema njia bora ni ya karakana kubwa zenye pampu za presha, kwa hiyo mtaani tufanye tunavyoweza. Hapana. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukivikwa kwenye nipo na ncha yake kuzamishwa kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo, unaonyesha mapovu na mabadiliko ya rangi, na unazuia hewa kunyonywa kurudi ndani. Hata wawili wa kanyaga na achia wanaweza kufanya kazi safi, mradi nipo ifungwe kabla mguu haujaachiwa na kopo lisiachwe likauke. Wengine wanadai kwamba gari lenye ABS haliguswi bila kompyuta. Hilo nalo limekuzwa. Ukibadilisha kalipa au mpira na kopo halikukauka, njia ya kawaida kwa kawaida inatosha. Mashine ya kufungua vali za ndani inahitajika pale hewa ilipoingia kwenye kizimba cha ABS chenyewe, au kwa magari kama ile Prius. Mpangilio wa magurudumu ndio unaostahili uangalifu kuliko unavyopewa. Vitabu vingi vilivyoandikiwa magari yenye usukani wa kushoto huanza na gurudumu la nyuma kulia, kwa kuwa huko ndiko mbali kutoka kwenye masta. Kwetu usukani uko kulia na gurudumu la mbali ni la nyuma kushoto. Tena magari ambayo bomba zake zimegawanywa kwa mshazari, na baadhi ya Honda ambazo mtengenezaji anaagiza kuanzia mbele, hayaifuati kanuni ya mbali kwanza hata kidogo. Kitabu cha gari husika ndicho chenye kauli.

Anayedhani ukaguzi wa serikali utaziba pengo hili anaipa mashine kazi isiyo yake. Rola za vituo vya ukaguzi zinapima nguvu ya breki gari likiwa limesimama mahali pamoja na breki zikiwa za vuguvugu. Ni kipimo kizuri cha pedi zilizokwisha, pistoni zilizoganda na upande unaovuta. Mafuta yenye maji yatalifaulisha gari siku hiyo kwa alama nzuri, kama yanavyomridhisha fundi. Anayeweza kuyazuia yasiingie barabarani ni yule anayesimama pembeni ya gari kazi ikifanyika, tena kwa madai ya kawaida kabisa. Mwenye gari, taka chupa mpya ifunguliwe mbele yako, yenye alama ya DOT inayolingana na ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Taka mafuta yatoke kwenye kila nipo hadi yanayotoka yafanane na yaliyo ndani ya chupa, na yaliyotoka yasirudi. Kisha injini iwashwe, pedali ishikiliwe kwa nguvu kwa dakika nzima, na ikizama usiondoke. Fundi atakayekuambia kwamba pedali imeshapanda na hayo mengine hayana haja, mlipe kazi aliyoifanya, kisha kabla ya safari ya Lushoto tafuta mwingine.